Valvu ya upepo ikilia, usiizibe: Fahamu kifaa kidogo kinacholinda breki za lori na basi

Simama pembeni ya lori kubwa au basi la mikoani kwa dakika chache, lazima utaisikia. "Pshhh!" Upepo unatoka kwa kishindo chini ya gari, kisha kimya. Wengi tumeizoea sauti hiyo kiasi kwamba hatuitilii maanani tena.

Lakini kuna mlio mwingine. Huu haukatiki. Unaanza, unaendelea, na hauachi mpaka injini izimwe au mtu achukue hatua.

Mlio wa kwanza ni wa gari lililo sawa. Wa pili ni wa gari linaloomba msaada. Tatizo ni kwamba huu wa pili unakera, na kuna watu wanaona dawa yake ni kuuziba.

Chukulia lori limetoka Tunduma na mzigo wa shaba, linaelekea Bandari ya Dar es Salaam. Limelala Ilula, mkoani Iringa. Alfajiri dereva anawasha injini ili kujaza upepo. Mshale wa geji unapanda, unapita 100, unapita 120, hautulii. Ukifika 150 hivi, chini ya gari panaanza kulia mfululizo. Mbele kuna mteremko wa Kitonga, na tajiri ameshapiga simu mara mbili.

"Mzee, hapo tunatoa hiyo valvu, tunafunga bolti, tunasepa," utingo anashauri.

Ni kazi ya dakika tano. Lakini ndani ya dakika hizo tano, gari la makumi ya tani linapoteza mlinzi wake wa mwisho.

Kwanza, kwa nini upepo?

Gari dogo husimama kwa mafuta ya breki. Ukikanyaga pedali, mafuta yanasukumwa kwenye vibomba hadi magurudumuni. Kwa gari la tani moja na nusu, hiyo inatosha.

Lori ni habari nyingine. Kwa sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lori lenye ekseli za kutosha linaweza kufika tani 56 pamoja na mzigo wake. Hapo unazungumzia uzito wa magari madogo karibu 40 yaliyofungwa pamoja. Mguu wa mtu hauwezi kuyasimamisha. Inahitajika nguvu nyingine, na upepo uko kila mahali, haununuliwi.

Wazo lilianzia kwenye reli. Mwaka 1869, Mmarekani George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo kwa ajili ya treni. Mwaka 1872 akaja na maboresho makubwa: upepo ukipungua kwenye bomba kuu, breki zinajifunga zenyewe. Yaani bomba likikatika, treni inasimama badala ya kukimbia.

Wazo hilo, kwamba ukipoteza upepo unasimama, ndilo ambalo malori na mabasi ya leo yanalitegemea.

Safari ya upepo ndani ya lori

Kazi inaanzia kwenye kompresa. Hii inaendeshwa na injini yenyewe, hivyo injini ikizunguka, nayo inazunguka. Inafyonza hewa, inaibana, kisha inaisukuma kwenye matangi yaliyofungwa chini ya gari.

Dereva akikanyaga pedali ya breki, kimsingi anafungua njia. Upepo unatoka kwenye matangi na kukimbia hadi kwenye vile vyungu vya chuma vilivyo karibu na magurudumu, ambavyo mafundi wengi huviita busta. Busta inasukuma mkono wa breki, na gurudumu linabanwa.

Sasa, kama kompresa inazunguka muda wote injini inapowaka, nani anaiambia kwamba matangi yameshajaa?

Hapo ndipo anapoingia gavana. Si mwanasiasa, ni kifaa kidogo kinachopima upepo wa matangi. Kwa mifumo mingi, upepo ukifika psi 125 hivi, gavana anaiambia kompresa iache kusukuma. Ukishuka hadi psi 100 hivi, anairudisha kazini.

Psi ni kipimo cha msukumo wa upepo. Ili upate picha, tairi la gari dogo hujazwa psi 30 na kidogo. Kwa hiyo tanki la lori likiwa limejaa, lina msukumo wa karibu mara nne ya ule wa tairi la gari dogo.

Ile "pshhh" moja unayoisikia na kunyamaza mara nyingi hutokea pale gavana anaposema "inatosha". Wakati huo kikausha hewa kinatema maji na uchafu kilichokamata. Hiyo ni sauti ya afya.

Valvu yenyewe ikoje?

Ukiiona unaweza kushangaa. Ni kifaa cha chuma kinachoenea kiganjani, kimefungwa kwenye tanki la kwanza linalopokea upepo kutoka kwa kompresa. Haina waya, haina betri, haina kompyuta.

Ndani ya nyingi kuna vitu viwili vya msingi: goroli na springi. Springi inaikandamiza goroli ili izibe tundu. Upepo wa ndani ya tanki unaisukuma goroli kutoka upande wa pili. Siku zote springi inashinda, na tundu linabaki limezibwa.

Siku gavana akishindwa kazi, kompresa haiambiwi ipumzike. Upepo unapanda tu. Ukifika kiwango ambacho valvu imewekewa, kwa mifumo mingi psi 150, sawa na bar 10 hivi, upepo unaishinda springi. Goroli inasogea, upepo wa ziada unatoka nje. Ukipungua, springi inarudisha goroli mahali pake.

Ni hivyo tu. Kazi yake si kufunga breki wala kufungua. Kazi yake ni kuhakikisha tanki halibebi msukumo ambao halikutengenezewa.

Kumbuka viwango hutofautiana. Malori mengi ya Ulaya geji zake zinasoma kwa bar, mengine yanafanya kazi kwa msukumo mkubwa zaidi ya huo, na katika baadhi yake valvu ya usalama imejengwa ndani ya kikausha hewa. Kitabu cha gari husika ndicho cha kufuata.

Kwa nini valvu ilie?

Mwongozo wa madereva wa magari makubwa nchini Marekani hauzunguki kwenye hili: valvu ya usalama ikitoa upepo, kuna kitu hakiko sawa, na fundi anatakiwa kukirekebisha. Sababu za kawaida ni hizi:

1. Gavana ameharibika. Hatoi taarifa kwa kompresa, au anaitoa kwa kuchelewa.

2. Kibomba kinachobeba taarifa hiyo kimeziba au kimekatika. Gavana anasema "inatosha", lakini kompresa haisikii.

3. Ndani ya kompresa, sehemu inayotakiwa kuachia upepo imekwama kwa masizi au oili.

4. Valvu yenyewe imechoka. Springi imelegea au uchafu umeingia chini ya goroli, hivyo inavujisha hata upepo usipozidi.

Dereva anaweza kuanza kutofautisha kwa kuangalia geji. Kama geji inasoma juu kupita kawaida na valvu inalia, mtuhumiwa wa kwanza ni gavana au kompresa. Valvu inafanya kazi yake. Kama geji inasoma kawaida, au iko chini, na valvu bado inavuja, huenda valvu ndiyo mgonjwa. Na kama geji yenyewe haiaminiki, hilo nalo ni tatizo la fundi.

Katika hali zote hizo, bolti haitibu chochote.

Ukiiziba, nini kinatokea?

Kompresa haijui kwamba umeziba. Inaendelea kusukuma. Upepo ambao ungetokea pale sasa unatafuta sehemu nyingine dhaifu zaidi.

Inaweza kuwa hozi iliyozeeka. Inaweza kuwa mpira wa ndani ya busta. Inaweza kuwa tanki lenyewe, hasa kama limeliwa na kutu kwa ndani. Hewa iliyobanwa hubeba unyevu, na maji yasipomwagwa yanakaa chini ya tanki na kulila taratibu. Kwa nje rangi inang'aa, kwa ndani chuma kimebaki chembamba.

Tanki la upepo likipasuka halivuji kama ndoo. Upepo uliobanwa unatoka wote kwa mkupuo na unaweza kurusha vipande vya chuma. Anayekuwa karibu zaidi mara nyingi ni fundi au utingo.

Kuna madhara mengine yasiyo na kishindo. Kompresa isiyopumzika inapata moto. Oili yake inaungua na kugeuka masizi, nyingine inapita na upepo hadi kwenye valvu za breki, inaharibu mipira na kuzifanya zinate. Ulianza na gavana mmoja mbovu, unaishia na mfumo mzima unaoumwa.

Kwani upepo ukiisha, lori halisimami lenyewe?

Linasimama. Hili wengi hawalijui.

Magurudumu ya nyuma ya malori na mabasi mengi ya breki za upepo yana springi kubwa ndani ya busta. Springi hiyo muda wote inataka kufunga breki. Kinachoizuia ni upepo. Upepo ukiwepo, springi inabanwa na gari linatembea. Upepo ukipotea, springi inafunguka na gurudumu linafungwa. Ndiyo maana lori lenye upepo mdogo haliondoki asubuhi mpaka matangi yajae, na ndiyo hiyo hiyo inayotumika kama hendibreki.

Kuna walinzi wengine pia:

Taa na king'ora cha upepo mdogo. Vinatakiwa kumwamsha dereva kabla upepo haujashuka chini ya psi 55 hivi, wakati bado ana akiba ya kusimama.

Valvu ya njia moja. Bomba la kompresa likikatika, upepo ulioko kwenye matangi haurudi nyuma kutoroka.

Mgawanyo wa matangi. Breki za mbele na za nyuma zinakula kwenye matangi tofauti. Upande mmoja ukivuja, mwingine unabaki.

Valvu ya kulinda kichwa. Tela likichomoka au hozi yake ikikatika, valvu hii inafunga njia ili kichwa kibaki na upepo wake. Wakati huohuo breki za tela zinajifunga.

Kwa hiyo, lori lililozibwa valvu kisha likapasua hozi katikati ya Kitonga huenda likasimama. Lakini halitasimama kwa namna anayoitaka dereva wala mahali anapopataka. Springi zinaweza kufunga magurudumu ya nyuma ghafla kwenye kona, tela likayumba, na gari likabaki limeziba barabara huku mengine yakishuka nyuma yake. Gari likisimama hivyo, bado linaweza kuua.

Mbona malori bado yanafeli breki mteremkoni?

Swali zuri. Kama upepo ukipotea breki zinajifunga, inakuwaje lori linashindwa kusimama mlimani?

Jibu: mara nyingi upepo upo. Kinachopotea ni msuguano.

Dereva akishikilia pedali kwa muda mrefu kwenye mteremko, breki zinapata moto mkali. Dramu inatanuka na kuwa mbali na lainingi, yaani vile vipande vinavyosugua ndani yake. Lainingi nazo zikiungua, zinateleza. Kama marekebisho ya breki yalikuwa yamelegea tangu mwanzo, mkono wa busta unafika mwisho kabla breki haijashika. Geji inasoma vizuri, mguu uko chini, gari linakimbia.

Aprili 25, 2019, lori lililobeba mbao liliteremka kutoka milima ya Colorado, Marekani, likagonga foleni ya magari eneo la Lakewood, karibu na Denver. Watu wanne walikufa. Dereva alisema breki zilifeli. Mahakamani ilielezwa kwamba alipita njia ya dharura iliyojengwa kwa ajili ya kusimamisha malori yaliyoshindwa breki, bila kuitumia. Desemba 2021 alihukumiwa miaka 110 jela. Kabla mwezi haujaisha, gavana wa jimbo aliipunguza adhabu hiyo hadi miaka 10.

Hakuna valvu inayotibu moto wa breki. Dawa yake inaanza kabla ya mteremko: gia ya chini na breki ya injini. Pedali inashikwa kwa nguvu kwa sekunde chache, mwendo unashuka, inaachiwa, breki zinapumua. Mfano, kama mwendo salama ni kilomita 40 kwa saa, shika mpaka 32 hivi, achia, ukirudi 40 shika tena.

Kuteremka kwa nyutro ni kosa mara mbili. Injini haisaidii kuvuta gari, halafu inazunguka polepole, hivyo kompresa inatengeneza upepo kidogo wakati ambao dereva anauhitaji sana.

Dereva aangalie nini kabla ya kuondoka?

Ukaguzi huu hauhitaji kompyuta. Vipimo vya hapa vinatoka kwenye mwongozo wa Marekani, na kitabu cha gari lako kinaweza kuwa na vyake. Paki sehemu tambarare na uweke vizuizi kwenye magurudumu.

Gavana. Acha upepo ujae, kisha angalia geji inapotulia. Kanyaga na kuachia pedali mara kadhaa, uone kama kompresa inarudi kazini upepo unapofika 100 hivi.

Uvujaji. Upepo ukiwa umejaa, zima injini na achia hendibreki. Kwa dakika moja, geji isishuke zaidi ya psi 2 kwa gari moja, au psi 3 kwa gari lenye tela. Kisha kanyaga pedali na uishikilie dakika nyingine: psi 3 kwa gari moja, psi 4 kwa lenye tela.

King'ora. Injini ikiwa imezimwa na swichi iko wazi, kanyaga na kuachia pedali ili upepo upungue. Taa au king'ora viamke kabla ya psi 55.

Springi. Endelea kupunguza. Kati ya psi 45 na 20, kitufe cha hendibreki kinatakiwa kujifunga chenyewe.

Maji. Fungua vizibo vya chini ya matangi kila siku maji yatoke. Ukiona maji yamechanganyika na oili nyingi, kompresa inahitaji kuangaliwa.

Valvu. Angalia kama bado ipo na haijabadilishwa na bolti. Kujaribu kama inafunguka ni kazi ya fundi, maana upepo unatoka kwa nguvu na unaweza kurusha uchafu machoni.

Onyo moja la maisha: usifungue busta yenye springi kama hujafundishwa. Springi ile imebanwa kwa nguvu kubwa na inaweza kuua hata kama gari halina upepo kabisa.

Na abiria je?

Abiria hawezi kukagua gavana. Lakini ana masikio. Kama basi linalia upepo mfululizo stendi, au king'ora kinalia na dereva anaondoka hivyo hivyo, una haki ya kuuliza. Kama hupati jibu, waambie askari wa usalama barabarani walioko stendi kabla basi halijatoka. Basi likishaanza mteremko, umechelewa.

Kwa wenye magari, hesabu ni nyepesi. Gavana ni spea ndogo, na kwa fundi anayeijua kazi si shughuli ya siku nzima. Tajiri anayempigia dereva simu mara tatu alfajiri anapaswa kujua ni uamuzi gani anausukuma.

Turudi Ilula. Kuna mambo matatu ya kufanya: kuzima injini, kuweka vizuizi kwenye magurudumu, na kumwita fundi aangalie gavana, kibomba chake na kompresa. Mzigo utachelewa saa kadhaa. Simu ya tajiri itaita tena.

Valvu nayo, fundi akishamaliza, itanyamaza yenyewe. Upepo utapanda, utafika 125, itasikika "pshhh" moja, kisha kimya. Hapo ndipo pa kushika barabara kuelekea Kitonga, kwa gia ya chini.